Uso Kuingia Weusi: Je, Kosa ni la Mafuta?

Mpenzi msomaji, kabla hujaugeuza ukurasa huu kwenda kutafuta vitendawili na mashairi, hebu chukua kioo. Tazama paji lako la uso, tazama mashavu, kisha tazama upande wa ndani wa mkono wako karibu na kwapa, pale jua lisipofika. Je, rangi ni moja? Wengi wetu tukijitazama hivyo twaona uso umekoza kuliko mkono, na wengine wana mabaka. Mimi ni mmoja wao.

Nina sababu mbili za kuandika makala haya. Ya kwanza ni mama yangu. Mama ni mama karanga, yaani hukaanga samaki na kuuza jioni hapa Malindi. Alipobeba mimba ya kitinda mimba wetu, mashavu yake na juu ya mdomo yaliingia mabaka ya kahawia iliyokoza, kulia na kushoto sawasawa kama aliyechorwa. Mtoto sasa ana miaka minne na mabaka yapo. Watu wa mtaani wameshatoa hukumu. Siku moja nilitumwa unga dukani nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Huyo alijichubua, mkorogo umemruka." Hakujua kuwa niliye nyuma yake ni mwana wa nani. Sikununua unga. Nilirudi nyumbani nikasema duka limefungwa.

Sababu ya pili ni mimi mwenyewe, na nitaieleza mbele kidogo, maanake yanitia haya.

Nyumbani kwetu, hawe (ndiye nyanya kwa Kigiriama) ana maelezo yake. Yeye asema kosa ni la mafuta. "Mafuta haya ya chupa na jua havipatani, mwanangu. Ukijipaka ukatoka juani, wakaangika kama samaki wa mamako." Shuleni nako tumegawanyika. Wako wasiojipaka chochote usoni, ati wasije wakawa weusi, na wako wanaojipaka mara tatu kwa siku wakitumaini kuwa weupe. Makundi yote mawili hayawezi kuwa na haki. Basi nikamwendea mwalimu wetu wa bayolojia akanisaidia kwa vitabu, na muuguzi mmoja wa zahanati akavumilia maswali yangu kwa siku mbili.

Kwanza tukumbushane ngozi. Tuliisoma Kidato cha Pili na wengi tuliikariri kwa ajili ya mtihani tu. Ngozi ya juu ina matabaka matatu. La juu kabisa ni la seli zilizokufa, ambalo hubanduka kidogo kidogo kila siku. Chini yake ni tabaka la punjepunje, na chini kabisa ni tabaka la Malpighi ambako seli mpya huzaliwa. Seli iliyozaliwa huko chini huchukua takriban mwezi mmoja kupanda hadi juu na kubanduka. Ushike mwezi huo, tutauhitaji.

Ndani ya tabaka la Malpighi mna seli zenye kazi maalumu ziitwazo melanosaiti. Kazi yao ni kutengeneza rangi iitwayo melanini na kuwagawia majirani. Jirani akishapokea huiweka juu ya kiini chake, kama mtu avutavyo leso kichwani jua likichoma, kwa sababu mionzi ya jua ikipiga kiini cha seli yaweza kukiharibu. Jambo lililonishangaza ni kwamba Mgiriama, Mwarabu na mtalii wa Kiitaliano wa hapa Malindi wana karibu idadi sawa ya melanosaiti. Tofauti ni kiasi na aina ya rangi inayotengenezwa, na namna inavyosambazwa. Kwa hivyo weusi wa kuzaliwa nao si uchafu wala si ugonjwa. Ni kivuli tunachotembea nacho. Ukitaka kujua thamani yake waulize ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, yaani albino. Melanosaiti wanazo, lakini rangi haitengenezwi ipasavyo, na jua la hapa huwaunguza na kuwaletea saratani ya ngozi. Ndiyo sababu Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa losheni ya kukinga jua.

Sasa, hizi melanosaiti zina tabia ya wasiwasi. Zikiguswa na hatari yoyote, huongeza rangi. Hazijui kuwa wewe una picha ya kupiga Jumamosi.

Hatari ya kwanza ni jua lenyewe, na kwa jua sisi watu wa pwani hii hatuna mpinzani. Malindi iko kama nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi hasa, hata ukisimama uwanjani kivuli chako chajificha chini ya miguu. Mionzi inayotia weusi zaidi ni ile ya urujuanimno ambayo jicho haliioni, na mawingu mepesi hayaizuii sana, kwa hivyo usidanganyike na siku ya mawingu. Isitoshe, mionzi haitoki juu pekee. Shirika la Afya Duniani lasema mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha kama asilimia 15 ya mionzi hiyo, na povu la bahari kama asilimia 25. Mjomba wangu hufanya kazi ya chumvi Gongoni. Yeye huvaa kofia ya ukili pana sana, lakini kidevu chake na chini ya pua pameiva kuliko paji la uso. Zamani nilifikiri ni sura yake tu. Kumbe kofia yazuia jua la juu, na lile la chini lapigwa na weupe wa chumvi likamrudia usoni.

Kuna kanuni nyepesi ya kupima ukali wa jua bila chombo chochote: tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, tafuta mti. Kwetu hapa ni kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri, yaani saa zote za masomo ya michezo, wallahi sijui nani alipanga ratiba hiyo.

Hatari ya pili ni kuumia. Chunusi, harara, kuungua, kuwashwa ukajikuna, kujisugua kwa dodoki mpaka ngozi ipige kelele, vyote hivi huamsha melanosaiti. Chunusi yenyewe hukaa wiki moja, lakini ukiibinya huacha alama nyeusi ya miezi. Mbona miezi, na tulisema ngozi hubadilika kwa mwezi mmoja? Hapa ndipo nilipokuomba ushike ile hesabu. Rangi ikiwa katika matabaka ya juu, hupanda na kubanduka pamoja na seli. Lakini ngozi ikiumia sana, rangi huvuja ikateremka chini ya tabaka la Malpighi, na huko hakuna kupanda wala kubanduka. Hukaa miezi mingi, pengine miaka. Na kwetu sisi wenye ngozi nyeusi alama hizi hutokea kwa urahisi zaidi, kwa sababu melanosaiti zetu ni hodari wa kazi.

Sasa nieleze aibu yangu. Likizo ya Agosti mwaka uliopita tulikuwa na arusi ya binamu yangu Kilifi. Mimi nilikuwa nimeshaitwa "Mkaa" darasani mara nyingi, nikasema arusi hii niende na uso mwingine. Rafiki yangu akaniambia ndimu hung'arisha. Siku mbili kabla ya arusi nilikata ndimu mbili asubuhi, nikajisugua mashavu yote kwa nguvu, nikaacha yakauke. Halafu nikatumwa sokoni, nikaenda kwa miguu na kurudi jua la saa sita.

Siku ile sikuona kitu. Kesho yake jioni uso ulianza kuwaka. Siku ya arusi niliamka na malengelenge, na nilikwenda Kilifi nimejitanda leso mpaka chini ya macho, nikisema nina mafua. Pilau sikuila vizuri. Malengelenge yalipokauka yaliacha michirizi myeusi, mitatu upande huu na minne upande huu, imefuata njia ya vidole vyangu. Muuguzi aliponiona hakuuliza maswali mengi. Aliuliza moja tu: "Ulijipaka ndimu, sivyo?" Ile michirizi ilikuwa imeshanisema.

Alinieleza kwamba ndimu ina kemikali ziitwazo furokumarini. Kukiwa na giza hazina neno. Zikiwa juu ya ngozi na mionzi ya jua ikazipiga, huamka zikaunguza seli, na kidonda hujitokeza baada ya siku moja au mbili, ndiyo sababu watu wengi hawajui kulihusisha na ndimu. Huu si mzio wa mtu mmoja mmoja, yeyote aweza kupatwa. Hata wakamuaji wa juisi ya ndimu ufukweni hupata mabaka mikononi kwa njia hiyohiyo. Sasa ni zaidi ya mwaka na michirizi miwili bado yaonekana ukinitazama kwa karibu. Niliitafuta nyeupe nikazidisha nyeusi.

Nilipomsimulia hawe alicheka akasema, "Si nilikwambia? Jua na vitu vya kupaka havipatani!" Nikampa haki yake nusu. Ni kweli kuna vitu ambavyo vikipakwa na kukutana na jua huunguza. Je, mafuta ya kawaida ni mojawapo? Twende hapo sasa.

Fikiria nyumba ya udongo. Fito ndizo seli za tabaka la juu, na udongo uliokandikwa baina yake ni mafuta ya asili ya ngozi. Udongo ukiwa mzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo, na vumbi, sabuni na vijidudu haviingii ovyo. Lakini sisi twaukwangua udongo huo kila siku. Twaogelea maji ya chumvi tukakaukia juani, na twanawa uso kwa sabuni ya kufulia. Udongo ukitoka, ngozi hupasuka nyufa ndogo ndogo, hukauka, hupauka, huwasha. Ukiwashwa wakuna. Ukikuna waumiza. Ukiumiza, zile seli zenye wasiwasi huongeza rangi. Basi kazi ya mafuta na losheni ni kuukandika ukuta upya ili balaa hili lisianze.

Yako mafuta yanayoziba, kama Vaseline, ambayo Robert Chesebrough aliipatia hataza Marekani mwaka wa 1872. Haya huzuia maji yasitoke, na ndiyo maana ni bora kujipaka mara tu baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu. Viko vinavyovuta maji, kama gliserini. Na yako yanayolainisha nyufa, kama mafuta yetu ya nazi na ya simsim. Losheni nyingi huchanganya yote hayo pamoja na maji.

Lakini mbona mtu akijipaka mafuta huonekana mweusi zaidi papo hapo? Hata mimi nimeliona, na hawe hakulitunga. Jibu nililipata ufukweni wala si kitabuni. Mchanga mkavu ni mweupe. Wimbi likija likaulowesha, mchanga uleule wawa mweusi. Je, wimbi limeleta rangi? La. Punje kavu hutawanya mwanga kila upande, ndipo tukaona weupe. Maji yakijaza nafasi baina ya punje, mwanga huzama zaidi na machache hurudi machoni mwetu. Ngozi iliyopauka ni vivyo hivyo: ule weupe wa vumbivumbi ni seli kavu zinazotawanya mwanga. Mafuta yakijaza nafasi zile, twaiona rangi yako halisi. Mafuta hayakuongeza hata chembe ya melanini. Jaribu mwenyewe: ukitoka kuogelea, acha miguu yote miwili ikauke, paka mmoja mafuta, uache mwingine. Kisha oga kwa sabuni. Miguu itarudi rangi moja. Nilimfanyia hawe jaribio hili kibarazani, akatazama, akasema mguu wangu una uchafu. Lakini tangu siku ile hajayataja tena mafuta.

Hata hivyo nisiyatetee mafuta kupita kiasi. Kwanza, hayakingi jua kiasi cha kutosha. Mtu akijipaka mafuta ya nazi akashinda Bofa au Watamu siku nzima, ngozi haitapauka lakini itaingia weusi vilevile, na hapo ndipo mafuta hupata lawama ambayo si yake. Kinachokinga ni kivuli, kofia, leso, na losheni maalumu ya kukinga jua. Pili, mafuta mazito, ya nazi yakiwemo, huweza kuziba vinyweleo na kuleta chunusi kwa wenye uso wa mafuta kama wengi wa umri wetu. Chunusi huacha alama, na kwa njia hiyo ya mzunguko mafuta huwa na kosa. Mtu wa namna hiyo afadhali losheni nyepesi, tena isiyo na marashi makali.

Na tatu, losheni ya kulainisha haifanyi mtu kuwa mweupe. Ikifanya hivyo, jua kuna kitu kingine ndani. Hapo tumeingia katika mkorogo, na nitaupitia kwa haraka maana umeandikwa sana. Ndani yake hupatikana haidrokwinoni, dawa za steroidi, au zebaki. Mwaka wa 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za watu wazima waliovimba mwili kwa maradhi ya figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hii ilikuwa hapa hapa Kenya, si ng'ambo. Mataifa baadaye yalifanya mkataba juu ya zebaki, Mkataba wa Minamata wa mwaka wa 2013, na mwaka wa 2023 yakakubaliana kwamba vipodozi vyenye zebaki, hata kidogo, vikomeshwe ifikapo 2025. Vinauzwa bado kichinichini.

Haidrokwinoni nayo ina kichekesho cha kusikitisha. Daktari huweza kuitumia kwa muda mfupi kwa uangalizi. Lakini mwaka wa 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza juu ya watu waliojipaka kwa muda mrefu wakitafuta weupe, na nyuso zao zikaingia weusi wa buluu, wenye vijipele, usiotoka. Nchi hiyo iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka wa 1990.

Narudi kwa mama. Nilimbembeleza wiki mbili tuende zahanati. Alikataa, akisema hana ugonjwa na pesa za kupoteza hana. Siku aliyokubali alikaa mbele ya muuguzi yuleyule wa ndimu, ameinamisha kichwa. Muuguzi alimtazama mashavu, akauliza yalianza lini, akasema haya ni mabaka ya mimba. Homoni za mimba huziamsha melanosaiti za uso, na jua huzikoleza. Wanawake wengi huyapata, na vidonge vya kupanga uzazi vyaweza kuyaleta pia. Kwa baadhi yao hufifia baada ya kujifungua, kwa wengine hukaa, hasa anayeshinda juani. Joto la moto nalo huchochea. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo si mimi niliyejifanyia?"

"Si wewe, dadangu."

Hapo ndipo nilipojua kuwa yale maneno ya dukani alikuwa ameyasikia kabla yangu, tena pengine mara nyingi.

Losheni ya kukinga jua tuliulizia bei tukaona ni mauzo ya samaki wa siku mbili, tukaiacha kwa sasa. Lakini jiko tumelihamisha. Lilikuwa wazi upande wa magharibi, likipigwa na jua la alasiri, na mama akiinamia karai la mafuta ya moto papo hapo. Mjomba alitujengea kibanda cha makuti, na mama huanza kukaanga saa kumi na moja badala ya saa tisa. Hujitanda leso, hunawa kwa sabuni isiyo kali, hujipaka mafuta kidogo usiku. Mabaka hayajatoka. Yamefifia upande mmoja, au labda ni macho yangu yanayopenda kuona hivyo.

Juzi nilitumwa unga tena, duka lilelile, na yule mama alikuwapo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia. Nikamwambia mimi ni mwana wa fulani, mama karanga, na mabaka ya mama yangu ni ya mimba, hakuwahi kujichubua. Nilisema kwa adabu lakini moyo ulinienda mbio. Alinyamaza kitambo. Watu dukani wakanyamaza. Kisha akashusha mtandio wake, akanionyesha shingo. Nyuma palikuwa peusi, pazito, kama kitambaa cha mahameli.

"Na huu wangu je, mwanangu? Nimesugua kwa kila sabuni."

Muuguzi alikuwa ameshaniambia habari ya weusi wa namna ile. Nikamweleza kuwa hautoki kwa sabuni, na kusugua kwauzidisha. Mara nyingi huwapata watu ambao mwili wao hauitumii sukari vizuri, basi aende akapimwe sukari ya damu. Akaniuliza ni zahanati gani, na hufunguliwa saa ngapi. Nikamwelekeza, nikalipa unga, nikaenda zangu.